Siku Niliyogombana na Printa, Mkutano Ukanipigia Makofi

Naanza na aibu yenyewe ili nisije nikaikwepa katikati. Nimewahi kumwambia baba mkwe wangu kwamba ni tumbo tupu lisilotoa kitu, nikamwambia kwamba atazimwa, na asipobadilika ataondolewa aletwe mwingine, na yote hayo niliyasema kwa kipaza sauti, mchana kweupe, mbele ya watu wa mtaa wetu wa Nkende, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale mbele na shati lake jeupe la kanisani. Kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi, mimi nilishazoea, hata mama anayeniuzia nyanya hucheka kwanza ndipo apime.

Mimi naitwa Robhi, na ni katibu wa jumuiya ya maji ya mtaani kwetu. Msifikirie ofisi kubwa. Ni chumba kimoja, kompyuta moja, kabati ambalo mlango wake tunaufunga kwa kamba, na printa mpya ambayo ndiyo iliyoniponza. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mzee Mwita, baba yake mume wangu, nyumbani tunamwita Tata, yaani baba kwa Kikurya. Najua mnavyofikiri, mkwe mwenyekiti na mkamwana katibu, na wanachama nao walikuwa wanafikiri hivyo hivyo, lakini kazi ile niliiomba mwenyewe kwa cheti changu cha kompyuta (nilisoma Musoma, na cheti nimekitundika ukutani ili asiyejua ajue).

Sasa, kwa wasiotufahamu, kwetu mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Simpi mkono, sikai naye kiti kimoja, sili mbele yake, na nikimsalimia nainamisha macho. Ofisini tulikuwa tunaongea kama watu wa serikali mbili, yeye anaangalia ukuta anasema, "Katibu, ile barua," na mimi naangalia sakafu nasema ipo tayari, Mwenyekiti. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sidhani kama niliwahi kumwambia sentensi yenye maneno zaidi ya matano. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini siku niliyomwambia maneno mia kwa mkupuo, watu walitega masikio ili wasikose hata moja.

Siku hiyo ulikuwa mkutano mkuu wa wanachama, na mwishoni kulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti. Tata alikuwa anagombea tena na hakuna aliyejitokeza kushindana naye. Si kwamba watu walikuwa na furaha. Mabomba yetu yalikuwa yanatoa upepo kuliko maji, ukifungua unasikia *fyuuu*, ndoo inapoa tu, na kila mkutano Tata alikuwa anasimama kueleza sababu kwa ile sauti yake nzito inayonguruma mpaka unaisikia kwenye mbavu, anaeleza pampu, anaeleza bomba kuu, anaeleza umeme, watu wanapiga makofi mawili matatu ya heshima, wanasema shikamoo Mwenyekiti, wanaondoka na ndoo zao kavu. Kumpinga mzee kama yule hadharani nani ataanza?

Kazi yangu ilikuwa kuchapa taarifa ya mwaka, kila mwanachama apate nakala yake. Kamati iliniambia mapema niende nayo Bomani kwenye steshenari, wanachapa wanabana, kwa pikipiki ni kwenda na kurudi tu. Hapa ndipo nilipokosea. Nikawaambia wasihangaike, tuna printa yetu mpya, na mtaalamu wake ni mimi. Asubuhi nikaijaribu, ikatoa ukurasa mmoja safi kabisa, nikaizima nikaenda kupanga viti.

Uwanja uko mbele ya ofisi. Fundi wa muziki alikuwa Ochieng', kijana wa Rorya aliyezoea kufanya kazi Sirari mpakani, Kiswahili chake kina Kenya ndani. Alifunga spika mbili kubwa akazielekeza uwanjani, zikaipa ofisi mgongo. Nyuma ya ofisi yetu kuna mashine ya kusaga, na siku hiyo ilikuwa inanguruma kama inasaga mawe. Kumbukeni hizo spika na hiyo mashine, maana ndizo zilizonifanya niwe mtu wa mwisho Nkende kusikia niliyoyasema.

Nilipokuwa kwenye viti Ochieng' alipita akaniuliza, "Madam, naweza chaji maiki yangu ya pili huko ndani?" Nikamjibu achaji tu, bila hata kugeuka. Kumbe chaja yake ilikuwa ya zile zinazochomekwa kwenye kompyuta, na nyuma ya kompyuta yangu matundu yote yalikuwa yamejaa, basi akachomoa waya mmoja akachomeka wa kwake, maiki akailaza mezani nyuma ya kioo cha kompyuta, akaenda zake. Waya aliouchomoa mnaujua. Na maiki ile, kwa sababu ambazo Ochieng' hajawahi kuzieleza vizuri mpaka leo, ilikuwa inawaka.

Mkutano ukafunguliwa kwa sala, nikamwachia mwalimu mmoja mstaafu aandike muhtasari, nikaingia ofisini nikafunga mlango na dirisha kwa ajili ya vumbi, nikawasha printa. Taa ya kijani ikawaka. Ikanguruma kidogo kama inavyofanya ikiamka. Nikabonyeza kuprinti. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikabonyeza mara nyingi jinsi mtu anavyobonyeza akiwa na haraka, kama vile printa ni mlango na wewe unagonga.

Nikaanza utaalamu. Nikavuta trei, karatasi zipo. Nikafungua mfuniko, hakuna karatasi iliyokwama. Nikatoa tona, yaani kasha la wino wa unga, nikaitikisa kama chupa ya dawa, unga mweusi ukanimwagikia kwenye blauzi ya krimu niliyoinunulia mkutano ule, nikajifuta, ikawa mbaya zaidi. Nikaizima kompyuta nikaiwasha. Nikaangalia waya nyuma ya printa, umeingia vizuri; nikaangalia nyuma ya kompyuta, nikaona waya mweusi umeingia vizuri, nikaridhika (ulikuwa waya wa Ochieng', lakini waya mweusi na waya mweusi ni ndugu). Kila kitu kizima, na printa inaniangalia na taa yake ya kijani. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, maana mimi nikiwa peke yangu huwa naongea na vitu, naongea na jiko, naongea na kuku, nyumbani wananijua.

"Wewe una nini leo?" nikaanza taratibu tu. "Umekaa hapo kama bwana mkubwa, taa inawaka, unanguruma, lakini ukiambiwa toa, hutoi kitu."

Nje nikasikia kwa mbali, kupitia kelele za mashine ya kusaga, kama watu wanacheka. Nikajua Tata ameanza kuhutubia, nikashangaa, maana Tata si mtu wa vichekesho. Nikasema moyoni mzee leo kaamkia upande mzuri.

"Siku tulipokuleta hapa tulipiga vigelegele," nikaendelea, sasa nimeshika kiuno. "Tukasema sasa tumepata. Kumbe tumeleta tumbo. Kula unakula, kutoa hakuna."

Makofi. Na si yale makofi mawili matatu, makofi ya kweli. Nikazidi kupata hamasa, nikasema nikichelewa na hizi taarifa wakati mzee anafanya vizuri namna hii nitakuwa nimemwangusha. Printa yetu ya zamani, ambayo sasa iko juu ya kabati, tulikuwa tunaiita Babu kwa jinsi ilivyokuwa inakohoa kabla ya kila ukurasa, na nikiwa na hasira nikaikumbuka kwa mapenzi.

"Afadhali Babu," nikasema. "Babu alikuwa mzee, amechoka, anakohoa, lakini ukimwambia Babu toa, anatoa."

Mwenyekiti aliyemtangulia Tata alikuwa mzee sana, na alikuwa na kifua. Mimi sikumfikiria hata kidogo. Lakini nje walimfikiria, na baadaye niliambiwa kwamba hapo akina mama wa upande wa kisimani walisimama kabisa.

Ilivyokuwa huko nje nilisimuliwa baadaye. Tata alikuwa katikati ya habari za pampu sauti yangu ilipoingia juu ya yake. Akanyamaza, akageuka kuangalia spika kama mtu anayetazama ng'ombe anayeongea. Ochieng' alikuwa kibandani anakunywa chai na chapati, akaja mbio kwenye mitambo yake kuipunguza sauti ile, na mama mmoja, Mama Ghati, mwanachama mwenye mdomo kuliko wote, akamshika mkono akamwambia, "Wewe mura, we kijana, mwache mtoto aseme." Na mwili wa Mama Ghati si wa kubishana nao. Ochieng' akaacha.

Mimi ndani nikamalizia. Nilishika printa kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mwenzake kola, nikaiambia maneno ambayo siku hizi watoto wa mtaani wanayajua kwa moyo: "Sasa sikia. Nakuzima. Nikikuwasha ukiwa bado hivyo hivyo, leo unatoka hapa, tunaleta mwingine."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilipita mpaka juu ya mashine ya kusaga. Nikatabasamu. Nikasema Tata kashinda, kilichobaki ni kuhesabu mikono. Nikazima printa, nikaiwasha, bure, nikapiga magoti nyuma ya meza nikaufuata ule waya wa kompyuta kwa kidole, sentimita kwa sentimita, na kidole kikanifikisha kwenye maiki. Nikaichukua. Ilikuwa na kitaa cha kijani kama cha printa. Nikauliza, kwa sauti, "Hii maiki inafanya nini hapa?"

Na hapo hapo, sijui mahindi yaliisha, mashine ya kusaga ikazimwa. Katika ule ukimya nikarudia swali, nikasikia mwanamke uwanjani anauliza hii maiki inafanya nini hapa, na mwanamke huyo alikuwa mimi.

Nilikaa palepale chini na unga wangu mweusi, nikaanza kurudisha maneno yote nyuma kichwani, moja moja, na kila moja nililiona linavyomwingia Tata. Bwana mkubwa. Unanguruma. Tumbo. Nikaona na mume wangu, na mama mkwe, na boma zima. Nilifikiria kutoka kwa dirisha la nyuma, lakini lina nondo. Ningeizima ile maiki nikanyamaza mpaka mkutano uishe, labda mambo yangekuwa nusu. Badala yake nikafungua mlango nikatoka nayo mkononi, blauzi nyeusi, mikono myeusi, na shavu moja jeusi pia (hilo niliambiwa), nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Samahanini wazee wangu na mama zangu. Mimi nilikuwa nagombana na printa."

Walicheka mpaka viti vikahama. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kucheka, nikisema printa ni mpya wanacheka, nikisema haitoi karatasi wanacheka, wengine wakawa wanapigiana viganja, maana walidhani printa ni jina nililompa mzee ili nisimtaje. Na mimi kumtaja mbele yake siwezi, ni mkwe. Basi kila nilivyokwepa jina lake ndivyo nilivyozidi kumwekea lile jingine.

Tata aliinua mkono. Kicheko kikaisha polepole. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko nilivyowahi kusimama tangu niolewe, naangalia viatu vyake. Hakuninyooshea kidole. Aliongea taratibu, bila ile ngurumo, kiasi kwamba watu wa nyuma walisogea.

"Mkwe wangu anasema alikuwa anaongea na mashine," akasema. "Mimi namwamini. Sauti hiyo naisikiaga nyumbani akiwagombeza kuku."

Akawageukia watu.

"Sasa ninyi. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua kwamba mkwe wangu anaongea na printa. Yale makofi mlikuwa mnampigia nani?"

Wanaume wakawa wanachunguza kofia zao, Mama Ghati akawa anafunga kitenge chake ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Na mimi nilitamani mmoja tu aseme, mzee, tunakuomba radhi, au mzee, tulikupigia wewe, tumechoka kubeba ndoo kavu, lolote, lakini wote waliangalia chini kama mimi, na mimi angalau nilikuwa na sababu ya ukwe.

Tata akaweka maiki yake mezani. Akasema jina lake analitoa. Akaenda kukaa kwenye benchi la wanachama, watu wakasogea kumpisha, wakasogea kupita kiasi mpaka akabaki kama amekaa peke yake. Kisha akanyoosha mkono kama mwanachama yeyote, akapendekeza Mama Ghati awe mwenyekiti. Alisema mama huyo ana mdomo, apewe na mabomba. Mama Ghati akakataa, akasema ana shamba, ana mguu unamuuma, akasema hili, akasema lile, lakini mikono ilishapanda, nadhani watu walitaka tu jambo liishe waende nyumbani. Akachaguliwa hivyo, amekasirika.

Wakati wanapiga kura, Ochieng' aliingia ofisini kuchukua chaja yake, akaona waya aliouchomoa unaning'inia, kwa wema wake akauchomeka. Printa ikaamka. Zile mara zote nilizobonyeza ilikuwa imezihifadhi kifuani, ikaanza kutoa, ikatoa, ikatoa, taarifa juu ya taarifa, karatasi zikafurika mezani zikashuka sakafuni, na kila ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi nzito kwamba chini ya uongozi imara wa Mwenyekiti wetu huduma ya maji imeendelea kuimarika. Niliziokota nikiwa nimepiga magoti. Watu walichukua kila mmoja kibunda chake, na wiki nzima maandazi ya Nkende yalifungwa kwa uongozi imara wa baba mkwe wangu.

Jioni ile dada yangu anayewapikia wachimbaji kule Kerende alinipigia simu. Hata salamu hakunipa. Aliweka simu karibu na redio ya kibandani kwake na nikajisikia nikisema kumbe tumeleta tumbo, na wanaume wanacheka. Kuna mtu alirekodi, ikaingia kwenye magrupu, ikafika migodini kabla mimi sijafika nyumbani. Dada akaniambia wale vijana wa kutoka mikoani hata Mwenyekiti hawamjui, wanaipiga rekodi hiyo bosi wao akipita.

Mume wangu, Marwa, alicheka kwanza, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akakumbuka kwamba anayechekwa ni baba yake, akanyanyuka akaenda kwake kuniombea msamaha. Alirudi akasema mzee aliendelea tu kusikiliza taarifa ya habari. Kesho yake hivyo hivyo. Mama mkwe alinipita jikoni kama vile mimi ni mtu wa kwenye ndoto yake. Nilipika, nikapeleka chakula mlangoni, nikarudi kinyumenyume, vyombo vikarudi bila neno. Nilikonda. Nilishaanza kufikiria niende kwa mama yangu nikapumzike kidogo, na mnajua mwanamke akisema anakwenda kupumzika kwao maana yake ni nini.

Mpaka siku moja nilipika ugali wa mtama na kitoweo cha kuku, nikachelewa kidogo kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Vyombo viliporudi mama mkwe alikuwa amebana midomo, nikajua leo ndiyo leo. Akaniambia mzee kamtuma. Nikaweka mwiko chini. Akasema mzee kasema chakula kimetoka, hakukuwa na haja ya kumzima mtu na kumwasha. Kisha yule mama, ambaye sikuwahi kumwona meno yote tangu niolewe, akashika ukuta akacheka hadi kilemba kikamdondoka, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja, na moshi ule wa kuni mbichi ukanisaidia kuficha ni kipi kilichokuwa kikubwa.

Tata mwenyewe hajawahi kuligusia mbele yangu. Tunasalimiana kama zamani, yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia sakafu. Wahuni wa stendi wanamwita Mzee Printa akishapita, na nasikia anajua.

Maji? Maji yanatoka siku mbili tatu kwa wiki, siku nyingine ni *fyuuu* ileile. Mama Ghati sasa ndiye anayesimama kueleza pampu na bomba kuu, na watu wanampigia makofi mawili matatu, wanamwambia shikamoo Mwenyekiti. Halafu wakishamaliza wanakuja mmoja mmoja ofisini kwangu, wanafunga mlango, wananinong'oneza eti Robhi, ile printa inaendeleaje, haijaharibika tena, hutaki kuigombeza kidogo siku ya mkutano?

Nimeapa. Mashine ikigoma siku hizi nafunga mdomo, napanda pikipiki, nakwenda Bomani. Na hao wanaoninong'oneza nawafungulia mlango, nawaonyesha Mama Ghati alikokaa, nawaambia mwenyekiti wenu yule pale, masikio anayo, nendeni mkamwambie wenyewe. Wanamwangalia, wananiangalia, halafu wanakumbuka wameacha ng'ombe bila mtu.